Mtoto mchanga alale vipi msimu wa baridi kali huku Makete na Njombe?

Mhudumu_Makete

Kamwene wakubwa. Naandaa somo la akina mama wa kliniki kwa miezi ya Juni hadi Agosti kuhusu kifo cha ghafla cha mtoto mchanga, yaani yule aliyelazwa mzima akakutwa amefariki usingizini na sababu isionekane. Maelekezo ninayoyajua yameandikwa kwa nyumba zenye joto: mtoto alale chali, godoro lisilobonyea, kitanda chake mwenyewe, pasiwe na blanketi wala mto, chumba kiwe na nyuzijoto 16 hadi 20. Kwetu usiku wa Julai, ndani ya nyumba ya matofali isiyo na dari, hata nyuzi 10 ni shida, na Kitulo asubuhi majani yana sakitu.

Nikimwambia mama "mlaze peke yake, usimfunike", ataitikia kwa heshima, kisha akifika nyumbani atamsikiliza mama mkwe. Mtoto atavalishwa sweta mbili na kofia, atafunikwa blanketi zito mpaka utosini, atawekwa katikati ya baba na mama, na jiko la mkaa litaingizwa chumbani. Naomba mambo yanayotekelezeka. Nianze na lipi? Mtoto avae nini? Na nyumba yenye kitanda kimoja niiambie nini?

Mkunga_Uyole

Kamwene ndugu yangu. Kama umepewa dakika tano tu, zitumie zote kwenye kulala chali. Uingereza ilianza kampeni hiyo mwaka 1991, Marekani 1994, na vifo hivi vikapungua kwa zaidi ya nusu bila dawa mpya wala mashine, kwa kuwageuza tu watoto waliokuwa wakilazwa kifudifudi. Tena kabla ya hapo madaktari wengi walikuwa wakishauri kifudifudi, kwa hiyo bibi anayesema hivyo leo usimcheke.

Chali maana yake ni kila usingizi, wa mchana na wa usiku, mpaka atimize mwaka. Kiubavu hakuhesabiki kama salama, kwa sababu mtoto wa miezi miwili akilala ubavu anaangukia tumbo kwa urahisi na hawezi kujirudisha. Na hapa kuna jambo wengi hawalisemi: hatari inakuwa kubwa zaidi kwa mtoto aliyezoea chali halafu siku moja akalazwa kifudifudi na mtu mwingine. Hivyo somo lako lisiishie kwa mama. Dada wa kazi, shangazi na bibi anayebaki na mtoto mama akienda shambani wote walisikie.

Pingamizi utakaloletewa ni "atakabwa na matapishi". Waambie washike koo zao. Njia ya hewa iko mbele, njia ya chakula iko nyuma yake. Mtoto akilala chali, njia ya chakula inakuwa chini na ya hewa inakuwa juu, kwa hiyo maziwa anayocheua yanabaki chini na anayameza au yanatokea mdomoni. Ukimgeuza kifudifudi, mpangilio unapinduka: maziwa yanasimama juu ya tundu la hewa. Anayecheua sana mbeulishe vizuri kabla ya kumlaza, lakini bado alale chali. Usimwinulie kichwa kwa mto, maana atateleza na kidevu kitagusa kifua, na kidevu kikigusa kifua njia ya hewa inabanwa.

Pingamizi la pili ni kichwa kuwa bapa. Mgeuzie upande wa kichwa kila usiku, leo miguu yake ielekee mlangoni, kesho dirishani. Yeye hufuata mwanga au sauti ya mama. Halafu akiwa macho na mtu anamtazama, mlaze kwa tumbo dakika tatu hadi tano, mara mbili au tatu kwa siku, ukiongeza polepole hadi jumla ya dakika 15 hadi 30 kwa siku akifika wiki ya saba. Hiyo inaimarisha shingo pia.

Akishaweza kujigeuza mwenyewe pande zote mbili, mama aendelee kumlaza chali lakini asikeshe akimrudisha. Cha lazima wakati huo ni kitanda kiwe kitupu.

DaktariWatoto_Mbeya

Niongezee kwa nini hasa anakufa, maana mama akielewa sababu atajiongeza mwenyewe kwenye mambo ambayo hamkuyataja.

Wataalamu wanaeleza kwamba mambo matatu hukutana. Kwanza, mtoto ana udhaifu usioonekana, mara nyingi katika shina la ubongo linaloamrisha pumzi na kuamka. Pili, yuko kwenye umri ambao mwili unabadilisha namna ya kuendesha pumzi na joto. Kilele cha vifo hivi ni kati ya mwezi wa 2 na wa 4, na takriban tisa kati ya kila kumi hutokea kabla ya miezi 6. Tatu, kinatokea kitu cha nje: pua imezama kwenye godoro, blanketi limefunika uso, mwili umepata joto kupita kiasi, au kuna moshi wa sigara. Mtoto mwingine hewa ikichafuka usoni angeshtuka, angegeuza kichwa na kulia. Huyu haamki. La kwanza huwezi kulijua na la pili huwezi kulizuia. La tatu ndilo liko mikononi mwa familia.

Hapo ndipo blanketi zito linapokuja na makosa mawili kwa pamoja. Linamrudishia mtoto hewa aliyokwisha kuitoa, na linampandisha joto. Mtoto mchanga hupunguza joto kwa kichwa na uso zaidi kuliko mtu mzima, kwa hiyo kumfunga kichwa ndani ya nyumba ni kuziba bomba lake la kutolea joto. Kofia ivuliwe akilala, kama alizaliwa siku zake zimetimia na ana afya. Saa za kwanza baada ya kuzaliwa, na watoto njiti, ni habari nyingine.

Sasa jiko la mkaa. Litenge kabisa na kifo cha ghafla kwenye somo lako, maana hilo sababu yake inajulikana: ni sumu. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Watu hudanganyika na mkaa "ulioshika vizuri, hauna moshi". Huo usio na moshi ndio unaotoa gesi huku hakuna wa kukohoa wala kushtuka. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi. Mtoto hupumua haraka kuliko mzazi, kwa hiyo anaivuta haraka zaidi. Watu wawili au watatu wa nyumba moja wakiamka na kichwa kinachouma, kizunguzungu na kichefuchefu, watoke wote nje na waende kituo cha afya, wasiseme ni malaria.

Kupasha kitanda kunawezekana bila moto ndani. Jaza chupa ya maji ya moto, funga kizibo barabara, iviringishe kwa kanga, iweke kitandani nusu saa, kisha itoe KABLA mtoto hajalazwa. Isibaki naye: inaunguza, na ikivuja inamlowesha.

Kuhusu sigara: baba anayevuta, hata kama anavutia nje, asilale kitanda kimoja na mtoto. Mama mjamzito asivute na asitumie ugoro. Najua baadhi ya bibi zetu hawahesabu ugoro kama tumbaku, lakini nikotini ni ile ile. Moshi wa kuni nao uepukwe, ingawa kesi yake kubwa ni nimonia.

Fundi_Mafinga

Mhudumu, suala la joto linatatuliwa na cherehani. Mtoto ashonewe mfuko wa kulalia, yaani blanketi linalovaliwa. Haliwezi kupanda usoni na hawezi kulipiga teke likaanguka.

Chukua blanketi jepesi la mtoto au flana nzito, na ndani utie bitana ya pamba. Usitumie yale ya manyoya marefu, yanashika jasho. Pima mtoto kutoka begani hadi kisigino, ongeza sentimita 10 chini ili miguu icheze. Sehemu ya chini iwe pana, sentimita 40 hivi, apate kukunja miguu kama chura. Ukiubana chini unamuumiza nyonga. Mikono itoke nje, mfuko usiwe na mikono wala kofia. Joto la mikono litoke kwenye nguo ya ndani.

Kipimo cha kuchunga kuliko vyote ni shingo. Kichwa cha mtoto aliyezaliwa kina mzingo wa sentimita 35 hivi, kwa hiyo tundu la shingo likishafungwa liwe dogo kuliko hapo kwa wazi, lipite vidole viwili vyako na shingo yake tu. Tundu la kwapa vilevile. Mfuko wa mtoto wa miezi sita akivalishwa wa mwezi mmoja, kichwa kinazama ndani, na hapo umetengeneza hatari ile ile uliyotaka kuizuia. Msimshonee wa kukulia. Zipu iwe mbele na ifungwe kutoka juu kwenda chini, ili mama afungue chini tu kubadilisha nepi bila kumwanika kifua. Bila vifungo wala kamba wala utepe wa mapambo.

Kwa wenye uwezo wa kitanda, mbao za Sao Hill zinatosha. Nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6, vinginevyo kiwiliwili kinapenya na kichwa kinabaki. Godoro lijae kitanda. Ukiweza kupitisha vidole zaidi ya viwili pembeni, ni dogo. Chaga ziwe karibu karibu. Shuka moja, libanwe chini ya godoro. Vile vitambaa vyenye sponji vya kuzungushia pembeni, na mito midogo ya "kutengeneza kichwa" ambayo sokoni wanaisifia sana, mwambie mama pesa hiyo anunue mkaa wa kupikia.

Mkunga_Uyole

Fundi umemaliza. Mimi naongezea mavazi. Kanuni ni tabaka moja zaidi ya yale ambayo mtu mzima angehitaji akiwa amekaa kwenye chumba hicho bila kujifunika. Kwa chumba cha nyuzi 10 hivi: vesti ya pamba, nguo ya mikono mirefu yenye miguu, sweta moja lisilobana, soksi, halafu mfuko wa fundi. Asiye na mfuko atumie blanketi moja jepesi. Miguu ya mtoto iguse mwisho wa kitanda, blanketi liishie kifuani chini ya makwapa, mikono iwe juu yake, na pembe zichomekwe chini ya godoro pande tatu. Akiteleza atatelezea chini ya blanketi? Hapana, miguu imefika ukingoni, hana pa kwenda.

Nusu saa baadaye ingiza vidole nyuma ya shingo au kifuani. Pakiwa na joto na pakavu, basi. Pakiwa na jasho, nywele zimelowa, mashavu yamewaka, toa tabaka moja hata kama bibi ananung'unika. Viganja na nyayo zisiwatishe, kwa mtoto mchanga huwa za baridi hata akiwa sawa. Kifua kikiwa cha baridi ndipo umweke ngozi kwa ngozi mama akiwa macho, kisha umwongezee nguo. Kipimajoto cha kwapa kikisoma chini ya 35.5, au 37.5 na zaidi, kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, ni kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Mhudumu_Makete

Ahsanteni sana, hili la mfuko nimelipenda, vikundi vya akina mama vina cherehani. Limebaki la kitanda kimoja. Wengi hawana nafasi wala hela ya kitanda cha pili, na mama ananyonyesha mara nne au tano usiku.

Nesi_Kilolo

Msimamo uwe mmoja: chumba kimoja, vitanda tofauti, angalau miezi 6 ya mwanzo. Ukianza kulegeza, kila mtu atajiona yeye ndiye aliyeruhusiwa. Anayenyonyesha amalize, amrudishe. Kitanda cha mtoto hakihitaji kuwa kitanda. Kikapu kipana chenye kitako bapa kinatosha, na Iringa wasusi wa milulu hawajaisha. Finland wana mpango wa msaada kwa wazazi ulioanza 1938, na huwapa sanduku la kadibodi lenye godoro. Kule New Zealand, Wamaori wanasuka kikapu cha majani ambacho mtoto analala ndani yake juu ya kitanda cha wazazi. Chetu kiwe na urefu sentimita 75, upana 40, kingo sentimita 15 hadi 20, ndani sponji gumu la sentimita 3 lililokatwa likajaa kitako, si nguo zilizokunjwa. Kiwekwe mkono wa mama unapofika. Kikiwa chini, kiwe juu ya kichanja au benchi pana, maana sakafu ya saruji Julai ni barafu na panya wapo. Miezi minne au mitano atakuwa amekijaza au ameanza kujigeuza, hapo kiondoke.

Mkunga_Uyole

Nesi, kwenye kikapu nakuunga mkono mia kwa mia, hilo ndilo liwe jibu la kwanza. Ila kusema "usilale naye" na kunyamaza kuna matokeo yake. Mama anayeogopa kusinzia kitandani anahamia kwenye kochi kunyonyesha, akasinzia huko. Kochi ni hatari zaidi sana kuliko kitanda, kwa sababu mtoto anateleza kati ya mwili na mto wa kochi. Mwambie: ukihisi usingizi, nyonyeshea kitandani palipoandaliwa, ukiamka mrudishe kwenye kikapu.

Kuna ambao kwao kulala kitanda kimoja ni marufuku bila mjadala: mtoto wa chini ya miezi 4, aliyezaliwa kabla ya wiki 37 au chini ya kilo 2.5, mzazi yeyote kitandani anayevuta sigara, aliyekunywa pombe, au aliyemeza dawa ya kuleta usingizi, piritoni ya mafua ikiwemo. Pombe isemwe kwa jina lake. Ukisema "pombe" mama anafikiria bia. Sema ulanzi, sema komoni, sema kimpumu. Msimu wa ulanzi nyumba nzima inakunywa na hakuna anayejiona amelewa.

Kwa waliobaki, ambao watalala naye hata tukikataza: godoro gumu, likiwezekana lishushwe chini na lisogezwe mbali na ukuta, maana mwanya wa ukutani ndio unaomnasa mtoto. Sponji lililozama katikati halifai, uzito wa mama unatengeneza mteremko na mtoto anabingirika kuja kwake. Lipime kwa kukandamiza kiganja; likibaki na shimo ukishainua mkono, limekwisha. Mtoto akae upande wa mama, asiwe katikati ya baba na mama, na kaka yake wa miaka miwili asilale jirani naye. Mama avae sweta mwenyewe na ajifunike mpaka kiunoni tu. Mtoto awe na mfuko wake, si blanketi la pamoja. Mto wa mama uwe mbali na kichwa cha mtoto, nywele ndefu zifungwe, kanga isiachwe ikiwa imelegea shingoni.

Nesi_Kilolo

Kwa masharti hayo nakubali, mradi yaanze na hayo marufuku, si mwishoni.

DaktariWatoto_Mbeya

Naongeza mawili kuhusu njiti, kwa sababu ndio wenye hatari kubwa kuliko wote. Wazazi wanaona wodini muuguzi amemlaza njiti kifudifudi, wakirudi nyumbani wanaendeleza. Wodini kuna mtu anayemtazama na pengine mashine inayosoma oksijeni. Nyumbani hakuna. Awe amezoeshwa chali kabla ya kuruhusiwa.

Kangaroo, yaani kumbeba njiti kifuani ngozi kwa ngozi, haipingani na haya. Mama anayeendelea nayo nyumbani alale mgongo umeinuka kama digrii 30, asilale bapa. Mtoto awe wima katikati ya matiti, kichwa kimegeuzwa upande mmoja na kimeinuka kidogo, kidevu hakijagusa kifua, kitambaa kimembana ila pua na mdomo vinaonekana. Masharti ya pombe na dawa za usingizi ni yale yale. Aendelee mpaka mtoto afike kilo 2.5 au aanze mwenyewe kujinyonganyonga akitaka kutoka.

Chanjo pia itaulizwa. Dozi za wiki ya 6, 10 na 14 zinaangukia ndani au karibu na miezi ile ile ya kilele, kwa hiyo mtoto akifariki siku tatu baada ya sindano watu wataisema sindano. Tafiti zimeangalia hilo na zinaonyesha waliochanjwa wana hatari ndogo zaidi. Maziwa ya mama nayo: kunyonya kwa angalau miezi 2 kunapunguza hatari kwa karibu nusu, hata kama hakunyonya pekee.

Na tafadhali piga marufuku kumpa mtoto anayelia piritoni "alale". Inamzamisha kwenye usingizi asiouamka kirahisi, na kuamka ndiyo kinga yake.

Mhudumu_Makete

Nimepata somo zima, ndaga fijo. La mwisho: mama anarudi nyumbani kutoka kliniki kwa bodaboda, mtoto kafunikwa mzima mzima kwa sababu ya upepo. Hilo nalo liingie?

Mkunga_Uyole

Liingie, na ulisemee palepale mlangoni wanapoondoka. Mtoto aliyebanwa kati ya mgongo wa dereva na koti la mama anaweza kukosa hewa kama vile akiwa chini ya blanketi. Akae kifuani kwa mama kwenye mbeleko, wima, uso umegeukia upande na si kwenye nguo, kidevu kimeinuka. Upepo uzuiwe kwa mgongo wa dereva na nafasi ya ngumi mbili kati yao, blanketi liishie shingoni, na akiwa nje kofia ruksa. Kila baada ya dakika chache mama aingize mkono apime pumzi, na kwenye safari ndefu dereva asimame ili amwangalie usoni. Wakifika nyumbani kofia na blanketi vitoke mara moja hata kama amesinzia. Wengi humlaza hivyo hivyo alivyofungwa wasimwamshe, na anaendelea kuchemka humo ndani saa mbili nzima.